Je, Chombo Hufa kwa Kukosa Waya?

Mwenye kuuza chombo, haki ya mnunuzi juu yake hukoma pale alipopokea thamani yake, au hubaki kwa muda? Suala hili ni la zamani, lakini limepata sura mpya kwa vyombo vidogo vya kuchezea nyimbo vinavyotiwa mfukoni. Mashuhuri yao ni iPod ya kampuni ya Apple, iliyotoka mwaka 2001. Mwezi wa Mei 2022 kampuni ilitangaza kuwa haitaviendeleza tena. Lakini vilivyokwisha uzwa vingali mikononi mwa watu, na vingi vingali vikiimba.

Tazama matundu mawili ya chombo hicho. La kwanza ni la kusikilizia, la milimita 3.5, nalo si milki ya kampuni yoyote. Waya wa masikioni ukikatika, mwenyewe huenda duka lolote akanunua mwengine kwa bei anayoiweza, nao ukaingia. Ni kama sindano za cherehani: fundi huzinunua bila ya kuulizwa cherehani yake ni ya mwaka gani. La pili ni la kutilia chaji. Toka mwaka 2003 lilikuwa na pini 30, nalo ni la kampuni peke yake. Na mwaka 2012 kampuni ikaleta jengine, jembamba, lenye pini 8. Basi waya wa kwanza ukaanza kuadimika. Chombo hakikuugua, kimenyimwa chakula.

Na betri ni vivyo hivyo, kwani imefungiwa ndani ya kasha lisilofunguka ila kwa kubanuliwa. Mwaka 2003 Casey na Van Neistat, ndugu wawili wa New York, walitoa filamu fupi ya kulalamikia jambo hili, na mwaka huohuo kampuni ikatangaza kubadilisha betri kwa dola 99.

Atasema mtu: mtengenezaji ana haki ya kuboresha kazi yake, na mnunuzi aliridhia. Hilo la kwanza ni kweli, wala hatulipingi. Tundu jembamba lina faida zake. Ama la pili, twauliza: aliridhia nini? Aliridhia bei na umbo la chombo. Hakuambiwa kuwa siku ya mwisho ya chombo chake itawekwa na mwengine. Kuna watu waliotia humo nyimbo za arusi za jamaa zao, na kanda zake za asili zimekwisha liwa na unyevu. Hao wakiambiwa “nunua kipya” hawakujibiwa walilouliza.

Umoja wa Ulaya umelazimisha simu, kamera na vyombo kadha wa kadha viwe na tundu la namna moja la chaji tangu tarehe 28 Disemba 2024. Ni jambo jema, ila halivifai vya zamani.

Kwa hivyo wenye navyo hukimbilia waya za kuiga. Kuiga peke yake sisi hatukuoni kuwa ni kosa, maana huyo aigaye ndiye aliyewakumbuka walioachwa. Kosa ni la muuzaji anayeutia waya mwembamba ndani ya boksi lenye alama ya kampuni, akaapa kuwa ni “orijino”, na baada ya wiki ukaanza kupata moto. Huyo ameuza uongo, hata kama bei yake ni ndogo. Angalisema, “Huu ni wa kuiga, na hivi ndivyo ulivyo,” mnunuzi angaliuchukua vilevile, kwani hana mwengine.