Mwenye Ufunguo na Mwenye Mali

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu, imeenea katika zama hizi mali isiyoshikika kwa mkono, iitwayo Bitcoin. Vijana wengi wameingia humo, na wazee wao hawajui ni nini. Na wenye kuitumia wana neno lao mashuhuri, ya kwamba asiye na ufunguo hana mali. Neno hili ndilo tutakalo kulipima katika risala hii. Ndani yake mna ukweli na mna hatari, na asiyepambanua baina ya viwili hivyo huenda akapoteza chake, au akala cha mwenziwe huku akidhani ni chake.

Kwanza yapasa kukifahamu kitu chenyewe, kwani haifai kukihukumu kitu usichokijua. Bitcoin ilianza mwezi wa Januari 2009. Haina chuma wala karatasi. Asili yake ni daftari moja lenye nakala nyingi, zilizowekwa katika maelfu ya kompyuta ulimwenguni, na kila baada ya dakika 10 au karibu yake huongezwa ukurasa mpya unaoeleza anwani ipi imetoa na ipi imepokea. Idadi yake haitapita milioni 21. Hapana benki imilikiyo daftari hilo, wala hapana karani wa kumwendea. Atakaye kutoa hutia sahihi kwa ufunguo wa siri, nao ni nambari ndefu mno. Na kwa wepesi wa kuhifadhi, pochi nyingi za simu humpa mtu maneno 12 au 24, ambayo kwayo ufunguo hupatikana tena simu ikivunjika. Mwenye maneno hayo, awe ni nani, daftari humtii.

Ama uhalali wake, wanazuoni wa leo wamekhitalifiana. Dar al-Ifta ya Misri iliiharamisha, na huko Malaysia wako washauri wa sharia walioijuzisha biashara yake mwaka 2020. Hapa hatukati shauri hilo. Anayeona kuwa ni haramu, na ajitenge nayo. Maneno yetu ni kwa yule aliyekwisha kuishika, kwani haki za watu hazingoji khitilafu ya wanazuoni imalizike.

Basi twasema: neno lile, likiwa ni onyo, ni kweli. Wengi huona taabu kuuhifadhi ufunguo, wakaiacha mali yao kwa kampuni za kubadilishia sarafu, wakasema wameweka amana. Lakini amana ina sharti zake. Mwenye kuwekewa amana haitumii, wala haichanganyi na mali yake hata isitambulikane. Akifanya hivyo ametoka katika uaminifu, na dhamana iko juu yake. Ama ukimpa mtu mali aitumie apendavyo, akulipe mfano wake baadaye, huo ni mkopo hata kama mmeuita amana. Na mkopo ulioshurutishwa nyongeza, hukumu yake yajulikana na mtoto wa chuoni.

Mfano wake ni kampuni ya Marekani iitwayo Celsius, iliyokuwa ikipokea Bitcoin na sarafu za namna yake na kuwaahidi wenyewe faida. Mwezi wa Juni 2022 iliwazuia watu kutoa mali zao, na mwezi wa Julai ikatangaza kufilisika. Mwezi wa Januari 2023 hakimu akahukumu kwamba mali zilizowekwa katika akaunti za faida, nazo zilikaribia akaunti 600,000, ni za kampuni. Kwa sababu masharti waliyoyakubali watu wale yalisema kuwa wameihamisha milki. Wao walidhani wana amana, kumbe ni wadai katika safu ndefu ya wadai. Hapo ndipo lilipo somo. Kabla ya kutoa mali yako, soma masharti, uulize swali moja: Je, hii nimeiweka, au nimeikopesha? Aliyeahidiwa faida na asijidanganye kuwa ameweka.

Hata hivyo neno lilo hilo, likifanywa kuwa hukumu, ni batili. Wako wanaosema ya kwamba ufunguo ndio milki yenyewe. Aliye nao ndiye mwenye mali, na aliyeukosa hana haki tena. Hawa wamechanganya mkono na haki. Vitabu vyetu vya fikihi vimevitenga vitu hivi viwili tangu zamani. Mkono wa mwizi umeishika mali, na haki iko kwa aliyeibiwa. Na mkono wa mwenye kupangishwa uko juu ya nyumba, na nyumba ni ya mwenyewe. Kushika ni nguvu, na nguvu haikuwa haki hata siku moja.

Akisema msemaji: Kanuni ya daftari ndiyo sharia yake, na kila aliyeingia ameiridhia, twamjibu: Mizani ya sokoni haidanganyi katika uzito, walakini haijui kama nazi zilizowekwa juu yake ni za muuzaji au zimeibiwa shambani. Aliyekubali kupimiwa kwa mizani hakukubali kuibiwa kwa mizani. Vivyo hivyo daftari hili: laeleza kweli tupu ya kilichotoka na kilichoingia, wala halina jicho la kumwona aliyekosea au aliyedhulumiwa.

Na wenye biashara hii wenyewe wamelishuhudia jambo hili. Kila anayepeleka Bitcoin hutoa ada kidogo kwa wale waandikao kurasa za daftari, waitwao wachimbaji. Mwezi wa Septemba 2023 kampuni ya Paxos ilipeleka kitu cha thamani ya dola 2,000 hivi, na kwa kosa ikatoa ada ya Bitcoin karibu 20, thamani yake ikipita dola 500,000. Kwa kanuni ya daftari mali ile ilikuwa imekwisha kuwa ya wachimbaji wa F2Pool walioandika ukurasa huo, na hapana ufunguo duniani ambao ungeweza kuwanyang'anya. Nao waliirejesha. Lau ufunguo ndio haki, basi walitoa zawadi tu. Lakini kila mwenye akili, akisikia khabari hii, moyo wake humwambia kuwa wamerejesha kisichokuwa chao. Basi yuko hakimu mwingine nje ya daftari.

Na kinyume chake pia hutokea, haki ikawako na ufunguo usiweko. Katika mji wa Newport, nchi ya Wales, mtu mmoja diski yake ya kompyuta ilitupwa jaani mwaka 2013, nayo ina ufunguo wa Bitcoin zipatazo 8,000. Akaomba miaka mingi aruhusiwe kulichimbua jaa. Baraza la mji likakataa, na mwezi wa Januari 2025 mahakama ikaitupa daawa yake. Bitcoin zile zimo daftarini hata leo, hazikupungua hata moja, na hapana awezaye kuzigusa. Ni kama lulu iliyozama kilindini: mwenyewe yuajulikana, na mkono haufiki.

Basi katika mali hii mtu amepewa kazi mbili kwa pamoja. Yeye ni mwenye mali, na yeye ni mlinzi wa mali, na hapana mwingine atakayemsaidia akisahau au akikosea. Mtu akipeleka shilingi kwa simu, akakosea nambari, huikimbilia kampuni, nayo yaweza kuzizuia kama hazijatolewa. Hapa hapana wa kukimbiliwa. Kwa hiyo mwenye kupeleka na aihakiki anwani yote, harufi kwa harufi, kwani ziko programu za hila ambazo huibadili anwani ndani ya kompyuta bila ya mwenyewe kujua. Na ikiwa mali ni nyingi, atangulize kidogo kwanza, na ikifika ndipo apeleke iliyobaki. Na muuzaji asitoe bidhaa ya thamani kwa kuona tu khabari katika simu. Desturi ya wengi ni kungoja hata zitimie kurasa 6, nayo ni kadiri ya saa moja. Na anayekupigia simu akakuuliza maneno yako ya siri, hata akijiita mtumishi wa kampuni, huyo ni mwizi. Na aliyeingiwa na mali kwa kosa la mwenziwe, airejeshe. Asiseme: Hapana atakayenijua.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Kila mtu atakufa. Mtu akifa na akiba iko benki, warithi wake huenda na hati za mahakama wakapewa. Akifa na Bitcoin, na maneno yake 24 yako kichwani mwake, amezikwa nayo. Deni zake hazilipwi, na mayatima wake hukaa na njaa hali baba yao alikuwa tajiri. Huyu hakuibiwa na mtu. Siri yake ndiyo iliyowaibia watoto wake.

Na iko dhulma nyingine iliyojificha zaidi. Tuseme mtu amekufa, hana wazazi walio hai, ameacha mke, mwana mmoja na binti wawili. Mwana ndiye aliyemfundisha babake mambo haya, naye peke yake ndiye ayajuaye maneno. Baada ya mazishi na deni na wasia, mali hii yagawanywa mafungu 32: mke ana 4, mwana ana 14, na kila binti ana 7. Lakini daftari halijui fungu la mke wala la binti. Mwana akitaka, usiku mmoja atazichukua zote 32, na asubuhi hapana alama iliyobaki ya kuwa marehemu alikuwa na kitu. Ufunguo umempa mkono juu ya 32, na haki yake ni 14 tu. Hizo 18 ni moto anaoula, na mama yake na dada zake hata hawajui wadai nini. Hapa ndipo neno la kuwa asiye na ufunguo hana mali linapoonyesha ubaya wake. Kwani kwa neno hilo mjane hana kitu.

Dawa yake ni ile tuliyofundishwa zamani, nayo ni kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni aya ya kuandikiana deni na kushuhudiza, na kila aliyesoma aijua hadithi ya kuandika wasia. Basi mwenye Bitcoin na aandike wazi katika wasia wake kwamba mali hiyo iko, na ni kadiri gani, na nani anamdai. Ama maneno ya siri asiyatie katika wasia wenyewe, kwa kuwa wasia husomwa mbele za watu. Ayaandike mbali, kwa karatasi au kwa bamba la chuma, ayaweke mahali palipofungwa, na mahali hapo pajulikane na wawili waaminifu. Wala asiyapige picha kwa simu. Na iko njia iliyo bora zaidi, ya kuifungia mali kwa funguo 3 hata isifunguke illa kwa 2: mmoja akae nao mwenyewe, wa pili mrithi wake mmoja, na wa tatu mtu mwaminifu asiye na fungu katika urithi. Akifa mwenyewe, hao wawili hufungua pamoja, na hapana mmoja wao awezaye kuiba peke yake.

Ndugu zetu, walioitengeneza mali hii walitaka kumwondoa mlinzi, kwa kuwa walinzi wengi wamekhini. Wamefaulu kumwondoa katika daftari. Kumwondoa katika moyo wa mtu hawakuweza, wala uaminifu haukupungua haja yake, bali umezidi. Zamani alihitaji kuwa mwaminifu karani wa benki, na leo yahitaji kila mwenye simu awe mwaminifu. Daftari litamtii mwenye ufunguo. Siku ya hesabu ataulizwa ya nani ilikuwa mali ile aliyoifungua.

Wallahu aalam, na kwake Mwenyezi Mungu ndiko taufiki.