Mgonjwa Anapoomba Kufa

Ziko nchi za ng'ambo ambazo sheria yake yamruhusu sasa daktari kumsaidia mgonjwa kujiua. Uholanzi na Ubelgiji zilianza mwaka 2002, na Kanada mwaka 2016. Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 216, yakataza jambo hilo: amsaidiaye mwenziwe kujiua aweza kufungwa maisha. Sheria hiyo ni njema. Je, basi, tukae tukijisifu? La hasha!

Tupande kwa mawazo kutoka Same mjini hadi vijiji vya Upareni, Chome chini ya kilele cha Shengena, au Mamba kwenye mashamba ya tangawizi. Huko mgonjwa wa saratani aweza kulala ndani miezi mingi. Hospitali ya KCMC iko Moshi, na nauli ni mzigo kwa mkulima. Maumivu yakizidi, mzee husema, "Niacheni nife." Nasi twanong'ona mlangoni, "Heri apumzike." Maneno hayohayo ndiyo yaliyozaa sheria za ng'ambo.

Tuyasikilize vema. Mara nyingi aombaye kufa huwa anauliza, "Je, nimewachosha?" Tukimpa sumu, au tukimwacha peke yake, tumemjibu, "Naam, umetuchosha."

Uhai ni amana ya Mungu, wala huruma haimpi mtu ruhusa ya kuvunja Amri ya Tano. Lakini Kanisa halikutuachia katazo tupu. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pius XII alifundisha mambo mawili yapasayo kujulikana katika kila nyumba. La kwanza, hakuna alazimishwaye kutafuta matibabu yaliyo mzigo mzito kupita kiasi. Jamaa wasiouza shamba lao la pekee kwa tiba isiyo na tumaini hawatendi dhambi, mradi mgonjwa asinyimwe chakula, maji, usafi na upendo. La pili, ni halali kumpa dawa ya kutuliza maumivu makali, hata ikiwa yaweza kufupisha maisha, ikiwa hakuna njia nyingine na nia ni kutuliza tu. Kutuliza si kuua.

Wala tusiseme kwamba dawa hiyo ni ya matajiri. Jirani zetu wa Uganda walionyesha njia. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huko huduma ya wagonjwa wasioponyeka, wakapewa mofini ya maji ya kunywa nyumbani kwao. Mwaka 2004 serikali iliwaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kazi hiyo kuiandika.

Wapare wanajua msaragambo: mfereji wa maji hauchimbwi na mtu mmoja, bali kijiji kizima hutoka. Yatupasa kumfanyia mgonjwa vivyo hivyo. Mmoja akeshe naye usiku, ili binti yake apate usingizi. Mwingine ashuke hospitalini kuuliza dawa ya maumivu. Mwingine amwite padre mapema, mgonjwa angali na akili timamu, apokee Mpako Mtakatifu na Komunyo.

Jumapili hii, kila jumuiya na iulize: nani kati yetu amelala ndani, na ni nani aliyemwona juma hili? Tumwendee kabla hajatuomba kufa. Mungu atujalie mioyo isiyochoka.