Kosa la Ajuaye

Mtu aanzaye kujifunza lugha ngeni husamehewa na watu wote. Akikosa, hucheka naye wakamsahihisha. Akitamka neno moja sawasawa, humsifu kana kwamba amevuka bahari kwa kuogelea. Lakini msamaha huo haudumu. Kwa kadiri mwanafunzi apandavyo, makosa yake hupungua na watu huanza kumwamini. Naye aaminiwaye hasahihishwi tena, maana hapana amdhaniaye kukosa. Kwa hiyo lipo swali listahililo kufikiriwa na kila asomaye lugha katika chuo kikuu: Je, ujuzi ukizidi, hatia ya kukosa huzidi au hupungua? Swali hili mimi nilikutana nalo katika kusoma Kichina, na kwa njia ya lugha hiyo nitajaribu kulijibu.

Wengi hudhani kwamba ugumu wa Kichina u katika mwanzo wake. Hapana shaka mwanzo ni mgumu. Msemaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake haipambanui maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, hustaajabu kuambiwa kwamba mai ya sauti ishukayo kisha ikainuka ni kununua, na mai ya sauti iangukayo ni kuuza. Biashara nzima imetundikwa juu ya wimbo wa silabi moja! Walakini ugumu huo una faraja yake, nayo ni kwamba hauna siri. Akosaye hapo hujulikana papo hapo, hata muuza mboga humrekebisha.

Ugumu wa daraja la juu ni wa namna nyingine. Kanuni za kupima Kichina cha wageni zilizotangazwa nchini China mwaka 2021 ziliweka madaraja 9, na afikaye kileleni alitazamiwa kujua herufi 3,000 na maneno 11,092. Hata akiisha kuyapata hayo yote, akifungua gazeti hukutana na semi za herufi nne nne, ambazo nyingi ni milango ya visa vya kale. Asiyekijua kisa aweza kuzisoma herufi zote nne asiambulie maana. Akirudi nyuma zaidi, hukuta lugha ya maandishi ya kale, ambayo ilitawala vitabu kwa karne nyingi, mpaka wasomi wa miaka ya 1910 walipoipigania lugha ya kila siku. Humo neno alijualo humgeuka. Neno zou, ambalo leo ni kwenda kwa miguu, katika maandishi ya kale ni kukimbia. Basi ujinga wa mwanzo husimama uwanjani ukaonekana na kila mtu. Ujinga wa daraja la juu hujificha ndani ya maneno tudhaniyo kuwa ni yetu.

Mwalimu wetu, kila amalizapo kueleza jambo, alikuwa akiuliza, “Dong le ma?” yaani, mmeelewa? Nasi tukajibu kwa pamoja, “Dong le,” tumeelewa. Nakiri kwamba mara nyingi nilijibu hivyo hali sikuelewa. Sikutaka kuwa mtu wa kwanza kukatiza somo, tena mbele ya wenzangu walionidhani hodari. Darasani uwongo huo huonekana kuwa mdogo, maana haumdhuru mtu ila mwenyewe. Lakini mazoea hayajui mlango wa darasa. Mwenye nayo hutoka nayo.

Katika mwaka wa mwisho wa masomo niliombwa kuwa mkalimani wa msimamizi mmoja Mchina wa ujenzi wa barabara, aliyetaka kukodi kiwanja cha mzee mmoja kwa miezi 6, apate mahali pa kuweka mawe na mchanga. Msimamizi akataja kodi: san shi wan. Wachina huhesabu kwa makumi elfu. Wan moja ni 10,000. Laki yetu ni wan kumi, na milioni ni wan mia. Basi san shi wan ni shilingi 300,000. Hayo niliyajua tangu mwaka wa kwanza. Lakini nilitaka kuonekana mwepesi, nikatamka mara moja, “Elfu thelathini.”

Mzee akanitazama. “Mwanangu, umemsikia sawasawa?”

Hapo nilihisi kitu kama kijiwe ndani ya kiatu. Hesabu ile haikunikalia vema. Nikajibu, “Ndiyo, mzee, nimemsikia.”

Mzee akainuka. “Mwambie ardhi yangu si ya kuokotwa njiani.” Maneno hayo niliyafasiri kwa Kichina kizuri, pasipo kosa lolote. Msimamizi akashangaa kuona mtu akataaye laki tatu, akasema kwamba mzee ana tamaa, akaenda zake. Hivyo watu wawili waaminifu waliachana, kila mmoja akimdhania mwenziwe ubaya. Na katikati yao nilisimama mimi, ambaye wote wawili walinishukuru kwa msaada wangu.

Usiku ule hesabu ilinirudia. Siku mbili nilikaa kimya nikijitungia udhuru. Siku ya tatu nilikwenda kwa msimamizi nikamweleza, kisha nikaenda kwa mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Kumbe aliyenidharau si yule mgeni.” Hakuongeza neno.

Huenda msomaji akanitetea, akasema kwamba kukosa ni kwa wanadamu wote, na kwamba aliyekosa bila kukusudia hana hatia. Nakubali kwa upande mmoja. Ulimi wangu ulipoteleza, ulikosa kama ulimi wa mtu yeyote. Lakini mzee aliponiuliza, mlango wa kurudi ulifunguliwa mbele yangu, nami nikaufunga kwa mkono wangu. Lile “ndiyo” halikuwa kosa la lugha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingelisema, kwa kuwa asingekuwa na sifa ya kuilinda. Angeomba tarakimu iandikwe, na wale wawili wangaliafikiana kabla ya jua kuchwa. Hivyo nilivyoongezewa na elimu siku ile ni uwezo wa kusadikiwa katika jambo nisilo na hakika nalo.

Mwingine aweza kupinga kwa njia nyingine: mkalimani asitaye kila mara hupoteza imani ya watu, na kazi haiendi. Ni kweli kwamba kusita kwa woga hakufai. Lakini tuitazame mizani ya sokoni. Mizani ijulikanayo kuwa imepungua hurekebishwa, na mnunuzi hapati hasara. Mizani mbovu yenye sura ya uzima ndiyo iibiayo soko zima, hata mwenye duka akiwa mtu mwema. Mkalimani ni mizani ya watu wawili ambao hawawezi kumpima.

Jambo hili si dogo kwetu. Redio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na Waafrika na Wachina waliofanya kazi bega kwa bega. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2013. Vijana wetu wengi watasimama kati ya mwenye kiwanja na mwenye mradi, kati ya mgonjwa na tabibu, kati ya mshtakiwa na hakimu. Vyuo vyetu vitawapa maneno. Lakini mtihani hutoa alama kwa jibu, sijaona mtihani utoao alama kwa mtu asemaye kwa wakati ufaao, “Hapa sina hakika.” Hilo wanafunzi hawana budi kufundishana wao kwa wao.

Basi jibu langu ni kwamba hatia huzidi pamoja na ujuzi. Si kwa kuwa ajuaye haruhusiwi kukosa, bali kwa kuwa hapana mwingine awezaye kumsahihisha. Asiyejua hulindwa na macho ya watu. Ajuaye hana mlinzi ila ulimi wake mwenyewe.

Niliporudi darasani, mwalimu aliuliza kama kawaida, “Dong le ma?” Nikajibu peke yangu, “Hai mei dong,” bado sijaelewa. Wenzangu wakageuka kunitazama, kisha mmoja wao akakiri kwamba naye hakuelewa. Ama kile kiwanja, mzee alikikodisha kwa laki tatu. Lakini siku ya kutia sahihi mkalimani alikuwa mwingine, wala sikuona sababu ya kulalamika.