Ghala la Yusuf na Dola za Mataifa

Kila orodha ya nchi zenye akiba kubwa ya fedha za kigeni huanza na jina lilelile. China imehifadhi zaidi ya dola trilioni 3 za Marekani. Japani inaifuata kwa zaidi ya trilioni 1, kisha Uswisi na India. Tanzania, yenye dola bilioni chache, hutafutwa kurasa za chini. Wengi huisoma orodha hiyo kama msimamo wa ligi: wa juu ameshinda, wa chini ajitahidi. Lakini kabla ya kumpongeza aliye juu, lipo swali ambalo wacha Mungu na wanafalsafa wamelijadili karne nyingi kuhusu mtu binafsi, na ambalo ni nadra kuulizwa kuhusu nchi. Ni wakati gani kuweka akiba ni busara, na ni wakati gani kunageuka ulimbikizaji usio wa haki?

Orodha yenyewe haiwezi kulijibu. Igawe akiba ya China kwa watu wake bilioni 1.4, kila mmoja atapata zaidi kidogo ya dola 2,000. Igawe ya Uswisi kwa watu wake milioni 9, kila mmoja atapata zaidi ya dola 70,000. Mtanzania hatafikisha hata 100. Marekani nayo, iliyo tajiri kuliko zote, ina fedha za kigeni za makumi machache tu ya mabilioni. Dhahabu inayo, zaidi ya tani 8,100, nyingi kuliko nchi yoyote. Dola haina haja ya kuziwekea ghala, kwa sababu ndiyo inayozitoa.

Nchi nyingine hazina nafasi hiyo. Mwenye meli ya mafuta hapokei shilingi, wala muuza mbolea, wala aliyekopesha kwa dola. Ndiyo maana benki kuu huipima akiba yake kwa miezi: bidhaa zisipouzwa nje hata kidogo, nchi itaweza kuagiza mahitaji yake kwa muda gani? Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Kampala Novemba 2013, inataka kila mwanachama afikishe miezi minne na nusu. Nyuma ya kipimo hicho kikavu kuna watu: mgonjwa wa kisukari anayesubiri insulini kutoka nje, na mkulima ambaye mvua haitamngoja mbolea ifike bandarini.

Hoja ya kale kabisa ya kutetea akiba ni ya Yusuf. Katika Kurani na katika Biblia, anaifasiri ndoto ya mfalme wa Misri kuwa miaka saba ya neema itafuatwa na miaka saba ya njaa. Kurani inamwonyesha akielekeza mavuno yaachwe katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula, kisha akiomba mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi. Kitabu cha Mwanzo kinataja kiasi: sehemu ya tano ya mazao. Hakuna dini kati ya hizo iliyomlaumu. Nafaka iliwekwa kwa sababu ya shida inayojulikana, kwa muda unaojulikana, ili iliwe.

Ila Kurani hiyohiyo, katika sura ya Tawba, inawaonya vikali wanaolimbikiza dhahabu na fedha wasizitoe katika njia ya Mwenyezi Mungu. Sahaba Abu Dharr al-Ghifari aliishika aya hiyo bila kulegeza. Huko Shamu alibishana na gavana Muawiya, aliyesema kuwa imewashukia watu wa Kitabu. Abu Dharr akasisitiza kuwa imewashukia wao na sisi pia. Mabishano yalifika kwa khalifa Uthman, na Abu Dharr akamalizia maisha yake Rabadha, jangwani. Wanazuoni wengi walifuata rai ya Ibn Umar kwamba mali iliyotolewa zaka haihesabiwi kuwa kanzi. Hata hivyo, dukuduku la Abu Dharr halikufutika. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kuwa dinari na dirhamu ziliumbwa zizunguke na kuamua thamani kati ya watu, na kwamba anayezifungia ni sawa na aliyemtia kadhi gerezani, hukumu zikakosa wa kuzitoa.

Upande wa Wakristo, Padri Basili wa Kaisaria, ambaye baadaye alikuwa askofu, alihubiri katika njaa iliyoikumba Kapadokia mwishoni mwa miaka ya 360. Hakuwaambia matajiri kwamba kutoa ni hisani. Aliwaambia kuwa mkate waliouhifadhi ni mali ya mwenye njaa, kwa hiyo wanamdhulumu kila anayekufa ilhali ghala limejaa.

Karne 13 baadaye, mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliligusa jambo hilohilo kwa njia nyingine. Katika kitabu chake kuhusu serikali, kilichotoka mwaka 1689, alidai kuwa asili yenyewe iliuwekea ulimbikizaji mpaka: chukua unachoweza kutumia kabla hakijaoza, kwani kinachooza mikononi mwako umempunja mwenzio. Fedha ikauvunja mpaka huo, kwa sababu dhahabu na madini ya fedha hayana wadudu wala ukungu. Waswahili husema akiba haiozi, na husema hivyo kwa kusifu. Kwa Locke, kutooza huko ndiko kulikofungua mlango wa tofauti zisizo na kikomo kati ya aliye nacho na asiye nacho.

Ni rahisi, basi, kuhitimisha kwamba trilioni zinazolala benki ni dhambi. Anayefikia hapo haraka aitazame Korea Kusini ya mwaka 1997.

Mwezi Julai mwaka huo Thailand ilishindwa kuitetea sarafu yake, na wawekezaji wakaanza kuzikimbia nchi za jirani. Kufikia Desemba, Korea, iliyokuwa miongoni mwa nchi zenye viwanda vikubwa duniani, ilibakiwa na dola chache mno za kulipia madeni yaliyoiva. Shirika la Fedha Duniani, IMF, likaongoza mpango wa mikopo wa takriban dola bilioni 58, na masharti yake yakafunga benki na kuacha watu wengi bila kazi. Januari 1998 wananchi wakapanga foleni kuikabidhi dhahabu yao: pete za ndoa, na pete wanazopewa watoto wanapotimiza mwaka mmoja. Walilipwa kwa sarafu yao, won, na dhahabu ikayeyushwa na kuuzwa nje ili dola zipatikane. Watu wapatao milioni 3.5 walishiriki, na zikakusanywa takriban tani 227. Thamani yake, dola bilioni 2 na kidogo, ilikuwa ndogo ukiilinganisha na deni.

Indonesia iliumia zaidi. Rupia ilianguka kutoka takriban 2,400 kwa dola hadi zaidi ya 10,000, bei za vyakula zikapaa, na ghasia za Mei 1998 zikaua watu wengi kabla Rais Suharto hajajiuzulu. Picha ya Januari mwaka huo, Suharto ameinama akitia saini makubaliano na mkuu wa IMF, Michel Camdessus, amesimama juu yake amefumbata mikono, iliwachoma watu wa Asia kuliko takwimu yoyote.

Baada ya hapo serikali za Asia zilijiapiza kutopiga magoti tena. Korea ililimaliza deni la IMF Agosti 2001, miaka mitatu kabla ya wakati, na leo ina akiba inayozidi dola bilioni 400. Ukiwauliza waliokabidhi pete zao kama huo ni uchoyo, swali litawashangaza. Mtu aliyewahi kunyimwa hujiwekea zaidi ya anavyohitaji, na hawezi kulaumiwa kwa hofu ambayo wengine ndio walioipanda.

Tatizo ni kwamba hofu hiyo ina bei, na mlipaji ni mwananchi wa kawaida. Dola za akiba hazikai tu kwenye sanduku la chuma. Sehemu kubwa hununuliwa hati fungani za serikali ya Marekani na za nchi nyingine tajiri, maana yake nchi maskini huzikopesha nchi tajiri kwa riba ndogo. Nchi hizohizo maskini zikihitaji mkopo, hutozwa riba kubwa. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwenye soko la kimataifa kwa riba ya asilimia 9.75, ili iweze kukabili deni la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni. Wakati huo Marekani ilikuwa inakopa kwa asilimia 4 hadi 5. Mwaka 2006 mwanauchumi Dani Rodrik alikadiria kuwa tofauti ya namna hii inazigharimu nchi zinazoendelea takriban asilimia 1 ya pato lao kila mwaka. Asilimia 1 ya pato la nchi ni zahanati, madawati na visima vya maji ambavyo havijajengwa.

Kwa hiyo Basili angelikuta ghala limejaa na wenye njaa wapo, lakini mkate umehifadhiwa katika nyumba ya tajiri wa mtaa wa pili. Lawama aliyoielekeza kwa mwenye ghala ingelazimika kutafuta njia nyingine.

Kitabu cha Mwanzo kina sehemu ya mwisho ya hadithi ya Yusuf ambayo wahubiri huipita haraka. Njaa ilipokaza, Wamisri walinunua nafaka kwa fedha. Fedha zilipokwisha wakatoa mifugo, kisha ardhi, kisha wakajitoa wenyewe wawe watumwa wa Farao. Ghala lilelile lililookoa roho zao liliwaondolea uhuru. Kilichoamua matokeo hakikuwa magunia bali aliyeshika ufunguo, na hili ndilo swali ambalo orodha za akiba hazina safu ya kulijibu.

Afghanistan ililijibu kwa uchungu. Taliban walipoingia Kabul Agosti 2021, benki kuu ya nchi hiyo ilikuwa na mali za takriban dola bilioni 9, na kiasi cha bilioni 7 kilikuwa New York. Marekani ilizifungia. Ndani yake zilikuwamo fedha za benki za biashara, yaani amana za wenye maduka na walimu. Majira ya baridi yalipokaribia, mashirika ya Umoja wa Mataifa yalionya kuwa watu milioni 22.8, zaidi ya nusu ya wananchi, wangekosa chakula cha kutosha. Februari 2022 Rais Biden aliagiza bilioni 3.5 zitengwe kwa manufaa ya Waafghani, na zilizobaki zisubiri mahakama, kwa kuwa familia za waathirika wa mashambulizi ya Septemba 11 zilikuwa zinazidai.

Hoja ya kutowakabidhi Taliban fedha hizo si nyepesi. Utawala unaowafungia wasichana shule hauwezi kujiita msimamizi mwaminifu wa mali ya umma. Lakini mama wa Herat hakuwachagua Taliban, hakuhusika na Septemba 11, na fedha zilikuwa za nchi yake. Mwezi huohuo Urusi iliivamia Ukraine, na takriban nusu ya akiba yake ya dola bilioni 640 na kitu ikazuiwa. Uvamizi ule ulistahili adhabu. Hata hivyo, visa vyote viwili vilizithibitishia nchi ndogo jambo moja: akiba iliyowekwa kwa mwingine ni yako maadamu mmepatana.

Kama uchoyo wa nchi moja si kiini cha tatizo, marekebisho yaanzie wapi? Mwaka 1941, mabomu yakiwa bado yanaitishia London, mwanauchumi John Maynard Keynes alianza kuandika mpango wa chama cha mataifa cha kulipana. Nchi zote zingetumia sarafu moja ya hesabu, aliyoiita bancor. Jambo geni lilikuwa hili: si mdaiwa peke yake ambaye angetozwa. Nchi ambayo ziada yake ingevuka robo ya mgawo wake nayo ingelipa asilimia 1 kwa mwaka, na ikivuka nusu ingeongezewa asilimia nyingine 1. Keynes aliona kwamba anayeuza tu bila kununua huwafanya wengine wadaiwe, kwa hiyo mzigo wa kurekebisha ni wa wote wawili.

Zaka inafuata mantiki iliyo karibu sana na hiyo. Dhahabu ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachotolewa zaka, na ikakaa mwaka mzima, mwenyewe hutoa asilimia 2.5. Haimzuii kuweka akiba. Inamkumbusha kila mwaka kuwa wapo wenye haki ndani yake, na haimngoji asukumwe na huruma. Padri, kadhi na mwanauchumi wa Cambridge wangeweza kukaa meza moja hapa na kuelewana.

Mpango wa Keynes haukupita. Wajumbe wa mataifa 44 walipokutana Bretton Woods Julai 1944, Marekani ndiyo iliyokuwa na ziada, na haikuwa tayari kutozwa. IMF ikazaliwa ikiwa na nguvu juu ya anayedaiwa na karibu haina neno kwa anayedai.

Chombo cha kusawazisha kipo, ijapokuwa kimeminywa. Agosti 2021, dunia ikipambana na Uviko, IMF iligawa akiba mpya ya SDR, yaani haki maalumu za kutoa fedha, yenye thamani ya dola bilioni 650. Kwa kuwa mgao hufuata hisa, Marekani pekee ilipata takriban bilioni 113, na Afrika nzima, yenye watu zaidi ya bilioni 1.3, takriban bilioni 33. Waliopata nyingi hawakuzihitaji, wakaahidi kuzielekeza dola bilioni 100 kwa walio na shida, kama mikopo zaidi kuliko ruzuku. Kugawa kwa kufuata uhitaji badala ya hisa kungehitaji kubadili sheria za IMF, na kwa mabadiliko hayo inatakiwa asilimia 85 ya kura. Marekani ina zaidi ya asilimia 16, kwa hiyo inaweza kuyazuia peke yake. Viongozi wa dini wanaofika Washington kuomba madeni ya maskini yasamehewe wana sababu ya kulipeleka na hili mezani, na mawaziri wa fedha wa Afrika wana sababu ya kusimama pamoja nao.