Kura ya Mbunge ni Amana

Kwetu Mabanga twasikia watu wakiuliza: mbunge akipokea bahasha kabla ya kupiga kura, kosa lake ni lipi? Si matabishi tu?

Tukumbuke mwaka 2019. Tarehe 15 Machi mabunge ya majimbo mengi ya Kongo yalichagua maseneta. Mara yakaja malalamiko kwamba kura zilinunuliwa kwa dola. Tarehe 18 Rais Tshisekedi akazuia maseneta wasiingie kazini, ili uchunguzi ufanywe. Baadaye waliingia.

Basi tupambanue. Zawadi hutolewa mchana, wala haidai kitu. Bahasha hutolewa gizani, nayo hudai kura. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 101, yakataza mbunge kufungwa na amri ya mtu katika kura yake. Hata sisi tuliomchagua hatuwezi kumfunga. Je, mwenye fedha aweza? Anayeuza kura auza amana ya watu, kama mlinzi wa ghala auzaye mahindi ya kijiji.

Sheria za maadili zafaa sana, lakini hazioni gizani. Huko dhamiri peke yake ndiyo shahidi. Nasi tukidai sabuni na chumvi kwa mgombea, twamfundisha biashara ile ile. Aliyenunua kura zetu atadhani ana haki ya kuuza yake. Tuikatae sabuni kwanza. Ndipo tutakapokuwa na kinywa cha kumdai mbunge hesabu.