Nafasi ya Kucheza: Je, ni Deni la Mji?

Katika Kiswahili neno "nafasi" lina maana nyingi, na watu wa Mwanza huzitumia zote kwa siku moja. Aliyebanwa na kazi husema, Sina nafasi. Abiria mlangoni mwa gari huuliza, Je, nafasi ipo? Kijana aliyeitwa kazini husema amepata nafasi. Wakati, mahali, na njia ya kuendelea, yote yamo katika neno moja, nalo ni jamaa wa neno la Kiarabu lenye maana ya pumzi. Wayunani wa kale nao walikuwa na neno lao la wakati usio na kazi ya lazima, yaani skhole. Kwa safari ndefu ya lugha, neno hilo ndilo lililozaa "skuli" ya Unguja, na "shule" tuliyoachiwa na Wadachi. Nimeanza hapa ili msomaji asidhani ya kuwa habari ya mchezo ni ya kitoto, isiyostahili kuandikwa na mwalimu.

Swali langu ni hili: Je, halmashauri ya mji yawiwa na watu wake nafasi ya kucheza na kupumzika, kama inavyowiwa njia na maji? Au mchezo ni shauri la kila mtu na mfuko wake?

Wengi hujibu kwamba mchezo ni ziada. Zahanati yakosa dawa, madarasa yakosa madawati. Diwani atasimamaje mbele ya wenzake kuomba fedha za kiwanja cha mpira? Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini ina kosa la hesabu. Dawati lisilonunuliwa mwaka huu laweza kununuliwa mwakani. Kiwanja kilichojengwa nyumba mwaka huu hakirudi mwakani, na kikirudi, hapana budi kuzibomoa nyumba na kuwalipa wenyewe fidia. Tena kuulinda uwanja ungali mtupu hakutaki fedha nyingi. Kwataka vipimo, mawe ya mpaka, hati, na diwani asiyekubali kunyamazishwa.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko mahali pengi, kwa sababu ya umbo la nchi yenyewe. Mwanza, iliyoanzishwa na Wadachi mwaka 1892 na kufanywa jiji mwaka 2000, imekaa kati ya ziwa na majabali. Katika sensa ya 2022 wilaya zake mbili, Nyamagana na Ilemela, zilikuwa na watu zaidi ya 1,000,000 kwa pamoja. Nyumba zimepanda juu ya mawe, Igogo, Mabatini, na vilima vingine, hata mgeni hustaajabu zimeshikwa na nini. Mahali tambarare ni pachache, na kila palipo tambarare mnunuzi hufika kwanza. Mtoto aliyezaliwa huko juu hana ua, wala mti, wala hatua ishirini za kukimbia. Hucheza njiani, au hushuka ziwani kuoga kwenye maji ya kando yaliyo na kichocho. Mtoto wa mwenye nyumba kubwa ana bustani yake mwenyewe; yeye hahitaji msaada wa halmashauri ili akimbie. Basi mji usipotenga viwanja, haujawanyima watu wote kwa sawasawa. Umewanyima walio maskini.

Nabii Zakaria, alipotaka kuwaonyesha watu jinsi Yerusalemu utakavyokuwa baada ya kuponywa, alitaja wazee walioketi na mikongojo yao, na watoto wa kiume na wa kike wakicheza njiani. Hiyo ndiyo alama aliyoichagua ya mji uliostawi. (Ni kweli kwamba njia za Yerusalemu siku zile hazikuwa na malori wala pikipiki.)

Wazee wa Usukuma hawakungoja halmashauri ili wacheze. Mavuno yakiisha, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hukutana kushindana. Husimuliwa kwamba asili yao ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliopimana nguvu za dawa zao. Pande zote mbili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watu huenda na kurudi, huku na huku, hata upande uliojaza watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Hapana mwamuzi mwenye filimbi. Miguu ya watazamaji ndiyo kura yao. Kwa sababu hiyo mchezaji hutafuta kila mwaka jambo jipya la kuwashangaza, mmoja na nyoka, mwingine na sanamu, mwingine na wimbo wa kumkejeli mwenzake. Bugobogobo, ngoma ya majembe, imetoka shambani penyewe, watu walipolima pamoja kwa kufuata mdundo. Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika alizipokea ngoma hizi tangu miaka ya 1950 na kuziunganisha na sikukuu ya Ekaristi, ndiyo Bulabo, maana yake maua.

Katika desturi hiyo twaona kazi ya mamlaka na kazi ya watu zilivyogawanyika. Watu walileta mchezo. Walitunga nyimbo, walifundishana, walijigharimia, na hukumu waliitoa wenyewe. Walilohitaji kutoka kwa wakubwa wa nchi lilikuwa mahali na amani ya kukutania. Mimi naona hilo ndilo deni hasa la halmashauri hata leo: nafasi, kwa maana zake zote. Furaha yenyewe haiwezi kugawiwa na ofisi.

Mipango mingi imekosea kwa kugeuza mambo haya chini juu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza ilijenga nyumba za starehe katika miji kadhaa ya Tanganyika. Nia yenyewe haikuwa mbaya. Ila waliopanga walijua mapema ni jambo gani ambalo Mwafrika alipaswa kulifurahia. Sisi tuliotawaliwa tumeirithi tabia hiyo pasipo kuitambua. Tukisema "michezo ya mji" twafikiri mara moja juu ya jambo kubwa la kutazamwa.

Mfano ulio karibu ni mpira. Timu ya Pamba, yenye jina la zao lililouinua mji huu, ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1990, kisha ikashuka na kukaa nje ya Ligi Kuu miaka mingi. Ilipopanda tena mwaka 2024, ikiitwa Pamba Jiji, ilikuwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Furaha ilikuwa kubwa, nami sikuwa mtu wa kununa siku ile. Mji unahitaji jina la kulipigia kelele pamoja. Lakini yatupasa kuuliza bila hasira: wachezao katika timu ile ni watu 11 kwa wakati mmoja, na fedha ni za wote. Mchezo wa kutazamwa humpa mtu saa mbili za furaha; mchezo wa kucheza humpa mwili, marafiki, na uzoefu wa kushindwa bila kupigana. Halmashauri ikiwa na uwezo wa yote mawili, na iyafanye yote mawili. Ikiwa haina uwezo huo, basi kwa hukumu yangu kiwanja cha vumbi cha mtaani kina haki ya kutangulia, maana timu yaweza kupata mfadhili, bali kiwanja cha mtaani hakina mfadhili mwingine.

Jambo la pili ni mlango na malipo. Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ki mbele ya macho ya mji mzima, lakini kukifikia ni kwa nauli na kiingilio. Hifadhi ina wanyama wa kulindwa na ina haki ya kutoza. Ila tusihesabu mahali pa kulipia kuwa ni mahali pa watu wote, tunapoandika hesabu zetu. Vijana wasio na uwanja hulipa hata hivyo: hulipa kwenye vibanda vya kutazama mpira, ambavyo wenyewe wameviita "vibanda umiza," nao hulipa zaidi kwenye mashine za kamari. Ziko pia haki zilizochanganyika. Uwanja wa Kirumba ulijengwa nyakati za chama kimoja, ambapo chama na umma vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 uwanja ulibaki mali ya Chama cha Mapinduzi. Sheria yaweza kulimaliza swali la nani mwenye hati. Swali la nani aliyekijenga kitu kwa jasho lake halimalizwi na hati.

Nasema sasa juu ya wasichana, ambao katika mazungumzo ya viwanja husahauliwa kabisa. Saa kumi jioni kaka yu uwanjani, dada yu kisimani au jikoni. Yeye amekosa nafasi kwa maana mbili: hana wakati, na akiupata wakati, kiwanja kimekwisha kujaa wavulana. Kuchora goli mbili za netiboli pembeni hakutoshi. Bomba la maji lililo karibu na nyumba humpa msichana mchezo kuliko mpira mpya, kwa maana humrudishia saa yake. Mwenye kupanga mambo ya mapumziko asiyeijua njia ya maji, hajui kazi yake.

Nao walio na haja kubwa ya uwanja hawamo mkutanoni. Mkutano wa mtaa ni wa watu wazima. Wao hutaja barabara, maji na zahanati, na hawakosei. Lakini mtoto wa miaka tisa hana kura, na hakuna anayemwuliza. Mwenyekiti aliye na busara angeweza kutembea katika mtaa wake siku ya Jumamosi alasiri na kuandika tu mahali ambapo watoto wanacheza tayari. Hiyo ndiyo ramani ya kwanza, na haina gharama.

Katika mji wa Birkenhead, Uingereza, waliuza viwanja vya nyumba vilivyozunguka bustani ili kulipia bustani yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1847 kwa watu wote bila kiingilio. Kwetu wapimaji huelekea kuuza bustani ili kulipia viwanja. Ukingo wa ziwa unayo sheria ya kuusaidia, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 imezuia shughuli katika mita 60 kutoka majini. Ukilindwa kweli kweli, watu wote wangepata mahali pa kupunga upepo.

Na viwanja vya shule je? Katika mitaa mingi ndivyo tambarare pekee iliyobaki, na wengi wetu walimu huvifunga saa tisa kwa kuogopa wizi na vioo vilivyovunjika. Hofu hiyo si ya bure. Kioo kikivunjwa na mtoto wa mtaani, mwalimu mkuu ndiye aulizwaye, wala si diwani. Halmashauri ikitaka malango yafunguliwe hata magharibi, na iandike kwanza katika bajeti yake nani atalipa mlinzi na nani atalipa kioo.