Mtoto Akiuliza Ndizi Inatoka Wapi



Safari hii tutafakari pamoja swali ambalo watoto wetu wadogo hupenda kuuliza: ndizi inatoka wapi? Na embe je? Ni swali dogo, lakini jibu letu linaweza kumjenga mtoto au kumwacha gizani.

Wengine tunajibu, "Sokoni." Wengine tunajibu, "Kwa Mungu." Majibu yote mawili ni ya kweli, lakini kila moja ni nusu. Anayejua soko tu hudhani tunda huzaliwa na pesa. Anayeambiwa Mungu tu, bila kuonyeshwa jembe, anaweza kudhani tunda halina mwenyewe. Wengi wa watoto wetu wamezaliwa ukimbizini. Shamba la babu hawakuliona. Chakula wamekiona kikigawiwa kwa foleni. Mtoto kama huyo akirushia mawe mwembe wa jirani mwenyeji, moyoni mwake ameona mti na tunda tu, mtu hakumwona. Kisha wakubwa tunagombana, na amani kati ya wakimbizi na wenyeji inavunjika kwa ajili ya embe bichi.

Je, kosa ni la nani? Amri ya kutoiba ni ngumu kueleweka kwa mtoto asiyejua jasho lililo nyuma ya tunda. Kabla ya kushika fimbo, tumfundishe.

Somo liko karibu. Sisi wa Ngarama na Nakivale tunaishi Isingiro, wilaya inayojulikana Uganda kwa ndizi. Chukua ndizi mbivu, ikate katikati, umwonyeshe mtoto vile vidoti vyeusi. Ni mbegu ambazo hazikukomaa, ukizipanda hazioti. Basi mgomba hutoka wapi? Hutoka kwa chipukizi lililong'olewa kwenye shina la mama yake na kupandwa mahali pengine. Kuna mtu aliyechimba shimo, akatia samadi, akapalilia, akangoja mwaka mmoja hivi au zaidi. Na shina hilo huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa, na chipukizi lake hushika nafasi.

Mungu ametoa mvua, udongo na uhai. Jirani ametoa mikono yake. Kumshukuru Mungu huku tukimdharau aliyelima ni shukrani isiyokamilika. Tumfundishe mtoto kumwambia mkulima "Webare" kwa lugha yake, na kuomba kabla ya kuchuma.

Lakini wengine watauliza: sisi tupande nini, wakati ardhi si yetu na kesho tunaweza kuondoka? Swali hilo lina uzito. Mwembe wa mbegu hutaka miaka mitano au zaidi. Hata hivyo, Yeremia sura ya 29 inatueleza juu ya watu waliohamishwa Babeli. Waliagizwa kupanda bustani, na papo hapo wakaambiwa kwamba miaka 70 itapita kabla ya kurudi. Maana yake wengi wangepanda kwa ajili ya watoto wao na wageni. Hapa Nakivale pia, Wanyarwanda walipokelewa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wengi wakarudi kwao baada ya mwaka 1994. Udongo walioulima ulibaki, ukalisha wengine. Anayepanda asipovuna mwenyewe hajapoteza kitu mbele za Mungu.

Basi wazazi, tuanze na mpapai, kwa maana hauchelewi sana kuzaa. Mpeni mtoto mbegu aipande kando ya nyumba, aimwagilie kwa maji ya kunawia mikono, aikinge na mbuzi. Tunda la kwanza likiiva, likatwe, na kipande kiende kwa jirani. Mtoto mwenyewe akipeleke, na akiulizwa limetoka wapi, ataweza kujibu.

Mungu awabariki.